Kuvuta kwa magurudumu manne hakusaidii breki

"Habari mtaalamu. Nimehamia mji wenye baridi kali na huu utakuwa msimu wangu wa kwanza kuendesha kwenye theluji. Gari langu ni lililotumika, linavuta kwa magurudumu yote manne, na lina matairi ya 225/45 R17 (upana wa milimita 225, rimu ya inchi 17) yenye herufi M+S ubavuni. Kashata zake, yaani vile vinundu vya mpira usoni mwa tairi, bado ni nzuri, kina chake kama milimita tano. Mwenzangu kazini anasema gari la aina hii halihitaji matairi ya baridi. Muuza matairi ananishauri ninunue mawili tu niyafunge mbele ili nipunguze gharama. Mwingine ananiambia nichukue mapana zaidi yashike barabara vizuri, na wa nne anasema bila misumari ya chuma iliyopachikwa kwenye tairi ni kazi bure. Nimsikilize nani? Na nikiamua kununua, nachaguaje?"

Ndugu msomaji, kabla ya kufika kwa hao washauri wanne, naona swali lililo chini ya maswali yako yote ni moja: mfumo wa kuvuta kwa magurudumu manne ulioununua pamoja na gari unatosha kukulinda kwenye theluji? Hautoshi. Unasaidia sana katika jambo moja, kuliondoa gari mahali lilipo. Kusimama na kukata kona ni kazi ya tairi, na hapo mfumo huo hauna cha kuongeza.

Tupige hesabu, kwa sababu ndiyo inayowashawishi watu kuliko maneno yangu. Kwenye theluji iliyoshindiliwa na magari, tairi la kawaida linaweza kusukuma au kuzuia kwa nguvu ya takriban moja ya tano ya uzito unaolikalia. Mafundi huandika 0.2. Kwenye lami kavu kipimo hicho hufika 0.8 au zaidi, na kwenye barafu inayong'aa kinaweza kushuka hadi 0.1. Gari linalovuta mbele peke yake lina karibu asilimia 60 ya uzito wake juu ya magurudumu yanayovuta, kwa hiyo kutoka kusimama hadi kilomita 50 kwa saa litachukua kama sekunde 12. Lako linatumia uzito wote, litafika kwa sekunde 7 hivi. Tofauti hiyo unaihisi kwenye kiti, na ndiyo inayomfanya mwenzako kazini aamini kwamba gari lake limeishinda theluji.

Sasa kanyaga breki. Kila gari hufunga breki kwa magurudumu yote manne, liwe linavuta mbele, nyuma au kote. Kwa mshiko ule ule wa 0.2, magari yote mawili yatahitaji mita 49 kusimama kutoka kilomita 50 kwa saa. Lifungie moja wapo matairi yanayoshika kwa 0.3, na mita zake zinashuka hadi 33. Usiangalie tu hizo mita 16 zilizopungua. Angalia pale ambapo gari la tairi bora limesimama kabisa: lile jingine linapita mahali hapo likiwa bado na mwendo wa karibu kilomita 29 kwa saa. Akiwepo mtu anavuka barabara, hiyo ndiyo kasi itakayompata. (Hii ni hesabu ya fizikia ya gari linalofunga breki kwa nguvu isiyobadilika, na barabara halisi hubadilika hatua kwa hatua, lakini uwiano ndio huo.)

Kuna hatari nyingine ambayo nataka uielewe mapema. Dereva wa gari linalovuta mbele huonywa na gari lake: magurudumu yanazunguka bure kwenye taa za barabarani, naye anajua leo ni utelezi. Gari lako halitakuonya hivyo. Litaondoka kwa utulivu, litapanda kilima, na utajikuta kwenye mwendo ambao tairi haliwezi kuumaliza. Mfumo wa kuzuia breki kukwama na ule wa kudhibiti mserereko hautengenezi mshiko. Kazi yao ni kugawa ule ambao tairi limeupata.

Kwa nini basi tairi la baridi lipate mshiko zaidi? Kwanza ni mpira wenyewe. Mpira wa tairi la msimu wa joto umechanganywa ili usilainike kupita kiasi kwenye lami yenye moto, na baridi inapoingia unakakamaa. Tairi lililokakamaa haliwezi kujibonyeza ndani ya vijishimo vidogo vya barabara, na mshiko mwingi unatoka humo. Watengenezaji wa matairi ya baridi huweka mchanganyiko wenye silika (unga wa madini) nyingi na mara nyingi mpira wa asili zaidi, ili ubaki laini hata chini ya sifuri. Ndiyo maana utasikia kipimo cha nyuzi 7 za Selsiasi kikitajwa kama mpaka wa kubadili. Kichukue kama kanuni ya mkononi, kwa sababu tairi halibadiliki ghafla kwenye nyuzi 7. Linapoteza ubora kidogo kidogo.

Pili ni uso wa tairi. Chukua tairi la baridi uliangalie kwa karibu, uchezeshe kidole kwenye kashata moja. Utaona imechanwachanwa kwa mikato myembamba, mingi, mara nyingi ya mawimbi. Ibonyeze kwa kidole gumba na mikato itafunguka. Barabarani kila mkato ni ukingo mmoja zaidi unaong'ang'ania theluji, na kwenye barafu unasaidia kukatiza ule utando mwembamba wa maji ulio juu yake. Mifereji mikubwa nayo ina kazi ambayo wengi hawaitarajii. Kwenye mvua tunataka mifereji imwage maji haraka, lakini kwenye theluji tunataka ijae. Theluji iliyojazana ndani ya mifereji inashikana na theluji ya barabarani kwa nguvu kuliko mpira unavyoweza kuishika. Ndiyo maana kina cha kashata ni muhimu sana wakati wa baridi. Sheria za nchi nyingi za Ulaya zinaruhusu hadi milimita 1.6, lakini tairi la baridi lililoshuka chini ya milimita 4 limeshapoteza sehemu kubwa ya kazi yake kwenye theluji. Austria imeifanya milimita 4 kuwa sharti la kisheria: chini ya hapo halihesabiwi tena kuwa tairi la baridi.

Hapo tunarudi kwenye matairi uliyonayo. Herufi M+S husimama kwa matope na theluji, na mtengenezaji huziandika mwenyewe kwa kuzingatia umbo la kashata, bila kulazimika kuthibitisha lolote kwa jaribio la theluji. Alama ya kutafuta ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati yake. Tairi lenye mchoro huo limejaribiwa kwenye theluji na kulishinda tairi la kulinganishia kwa kiwango kilichowekwa. Ujerumani, tangu Oktoba 2024, haikubali tena M+S peke yake kama tairi la baridi. Kwa hiyo piga magoti kando ya gari na uangalie ubavu wa matairi yote manne. Kama mchoro wa mlima haupo, hayo ni matairi ya kiangazi na masika, hata kashata zikiwa nzuri. Ukiukuta upo, una matairi ya misimu yote yaliyobakiwa na milimita moja hivi ya maisha ya theluji. Yanaweza kukuvusha wiki za mwanzo, lakini yasikupe matumaini ya msimu mzima.

Huyo muuza matairi anayetaka kukuuzia mawili, mkatalie kwa heshima. Ukifunga mbele matairi yanayoshika na kuacha nyuma yanayoteleza, siku utakayoondoa mguu kwenye mafuta ndani ya kona, pua itatii na nyuma itakutangulia. Kwa dereva mgeni wa theluji, mserereko wa nyuma ndio mgumu zaidi kuurudisha. Ukiyaweka nyuma, gari litagoma kukata kona. Hili ni kweli kwa gari lolote, na kwako kuna sababu ya ziada.

Magurudumu ya gari lako yameunganishwa mbele na nyuma, ama kwa difu ya kati (gia zinazogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) ama kwa klachi inayojifunga pale inapohitajika. Mfumo unategemea kwamba magurudumu manne yenye mzingo sawa yatazunguka kwa kasi karibu sawa kwenye barabara iliyonyooka. Ukichanganya tairi jipya na lililolika, lile dogo linazunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, na tofauti hiyo inamezwa na difu au klachi kila sekunde unapoendesha. Joto linapanda, mafuta yanachakaa, klachi inalika. Subaru, kwa mfano, husema mzingo wa matairi manne usitofautiane kwa zaidi ya robo inchi. Ukiigawa hiyo robo inchi kwa 6.28 (mara mbili ya pai), unapata tofauti ya kashata ya milimita moja tu. Yako yana milimita tano na tairi jipya la baridi huja na nane au tisa. Unaona ulivyo mbali. Watengenezaji wengine wana mipaka mipana zaidi, na magari ya umeme au haibridi yenye mota yake kwa ekseli ya nyuma, bila shafti ya kuunganisha, hayaumii kwa namna hiyo. Sababu ya mserereko inabaki pale pale hata kwa hayo. Kwa hiyo ni manne, ya aina moja, ukubwa mmoja, yaliyoanza kazi siku moja.

Kuhusu upana, yule aliyekushauri mapana zaidi ana hoja kwa lami kavu. Kwenye theluji laini na kwenye majimaji ya theluji inayoyeyuka, tairi jembamba linakata na kufika chini, wakati tairi pana huelea juu. Mimi kwa gari lako ningeangalia kama kitabu cha gari kinaruhusu 205/55 R16. Tazama hesabu yake: 225/45 R17 lina kipenyo cha karibu milimita 634, na 205/55 R16 karibu milimita 632. Tofauti haifiki nusu ya asilimia moja, kwa hiyo spidomita na mfumo wa kuvuta havitasumbuka. Unapata tairi jembamba zaidi, lenye ubavu mrefu zaidi unaovumilia mashimo yaliyofichwa na theluji, na kwa kawaida la bei ya chini. Jambo la kuthibitisha ni kama rimu ya inchi 16 inavuka breki zako bila kugusa. Magari yenye injini kubwa huwa na breki kubwa, na gari la jina lile lile linaweza kukubali au kukataa. Soma kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva pamoja na kitabu, na usikadirie kwa macho.

Kwenye kibandiko hicho utakuta pia namba ya uzito na herufi ya mwendo. Namba ya uzito usiishushe kamwe: 91 ni kilo 615 kwa kila tairi, 94 ni kilo 670. Herufi ya mwendo kwa matairi ya baridi inaweza kuwa ya chini kuliko ya awali, kwa sababu mpira laini hauvumilii kasi kubwa. Nchi nyingi za Ulaya zinaruhusu hivyo mradi ubandike mbele ya dereva ukumbusho wa kasi ya mwisho. Q ni kilomita 160 kwa saa, T ni 190, H ni 210.

Sasa aina, ambapo jibu linategemea barabara zako kuliko gari lako. Huyu wa misumari hajakosea kabisa. Kwenye barafu tupu, hasa ile yenye unyevu karibu na nyuzi sifuri, ambayo ndiyo inayoteleza kuliko zote, msumari wa chuma unachimba pale ambapo mpira hauna cha kushika. Lakini mahali ambapo barabara husafishwa na kubaki lami yenye maji, misumari ina kelele, inakwangua lami na haikusaidii kusimama. Zaidi ya hayo, sheria inaweza kukukatalia: Ujerumani imeipiga marufuku isipokuwa kwa hali chache mno, wakati Sweden, Norway na Finland huiruhusu kwa msimu. Tafuta sheria ya mahali ulipo kabla ya kulipa hata senti.

Bila misumari kuna jamii mbili, na dukani huchanganywa mara kwa mara. Moja imetengenezwa kwa nchi za kaskazini: mpira laini sana, mikato mingi sana, herufi ya mwendo ya chini kama Q, R au T. Nyingine imetengenezwa kwa Ulaya ya kati: imara zaidi kwenye mvua na barabara kuu, herufi H au V, lakini dhaifu zaidi kwenye barafu. Zote mbili zina mchoro wa mlima, hivyo mchoro pekee hautakutofautishia. Angalia alama ya pili, ya mshiko wa barafu, ambayo lebo ya matairi ya Umoja wa Ulaya huionyesha tangu 2021. Ikiwa mji wako hukaa chini ya sifuri kwa wiki nyingi mfululizo na barabara zake ni nyeupe, chukua ya kaskazini. Ikiwa theluji huja na kuondoka, mvua ikiwa nyingi kuliko barafu, ya Ulaya ya kati itakufaa zaidi, na ile laini itakuchosha kwa kuyumbayumba kwenye lami.

Je, matairi ya misimu yote yenye mchoro wa mlima? Ni chaguo la haki kwa mtu ambaye theluji humtembelea siku chache kwa mwaka, naye anaweza kuacha gari nyumbani siku mbaya. Wewe umesema baridi kali na msimu wa kwanza. Sikushauri.

Gharama naielewa, na sitaipuuza. Ukumbuke kwamba matairi ya joto hayaliki wakati ya baridi yanafanya kazi, kwa hiyo seti mbili hukaa karibu mara mbili ya muda wa moja. Mzigo halisi ni malipo ya mwanzo na rimu za pili. Rimu za chuma za kawaida zinatosha, na hukuepusha kuvua na kuvisha mpira kila msimu. Ukifikiria yaliyotumika, soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa kiwandani unaoanza na DOT ubavuni: 4123 inamaanisha wiki ya 41 ya mwaka 2023. Tairi la baridi la miaka saba lenye kashata nzuri ni mtego, kwa sababu mpira umeshakakamaa wakati kina chake kinakudanganya macho. Na hata yaliyotumika, yawe manne yanayolingana.

Ukishafunga, mambo machache ya kufuata. Upepo hupungua takriban baa 0.1 (baa ni kipimo cha shinikizo) kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoshuka, kwa hiyo ulioujaza kwenye gereji yenye joto utakuwa pungufu asubuhi ya baridi. Pima tairi likiwa limepoa, kila mwezi. Rudia kukaza nati baada ya kilomita 50 hadi 100. Zungusha matairi mbele na nyuma kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000 ili yalike sawa, jambo ambalo kwa mfumo wako si la hiari. Kama yana mshale wa mwelekeo, hakikisha unaelekea mbele pande zote mbili, maana nimeyaona mengi yamefungwa kinyume. Minyororo ya kufunga kwenye matairi, kama unapita milimani, inunue kulingana na kitabu: magari mengi yanayovuta kote huruhusu ekseli moja tu, na si kila ukubwa wa tairi una nafasi ya kutosha.

Usichelewe kufunga ukisubiri theluji ianguke. Jimbo la Quebec, Kanada, hulazimisha matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15, iwe kuna theluji au hakuna. Sweden huweka Desemba 1 hadi Machi 31 pale hali ya barabara inapokuwa ya baridi. Ujerumani haina tarehe, inaangalia hali ya barabara siku hiyo. Popote ulipo, fundi ana nafasi wiki kadhaa kabla ya theluji ya kwanza, na hana siku inayofuata.

Yapo mambo ambayo maandishi hayawezi kukutatulia. Ukikata kona kali kwenye maegesho makavu na gari likajizuia, likagonga au kunguruma kana kwamba kuna kitu kinalishikilia, acha kuliendesha umbali mrefu na umpelekee fundi anayejua mifumo hii. Huenda mwenye gari wa awali alichanganya matairi, na mafuta ya difu au klachi yanahitaji kukaguliwa. Taa ya mfumo wa kuvuta au ya mserereko ikiwaka baada ya kubadili matairi, vivyo hivyo. Na kabla ya msimu, tafuta mwalimu mwenye uwanja wa mazoezi ya utelezi kama upo karibu nawe: saa moja ya kufunga breki kwa nguvu mahali salama itakuonyesha gari lako linasimama wapi, jambo ambalo hesabu zangu hapo juu zinaweza kukukadiria tu.

Kama kibandiko cha mlango kinakuchanganya, niandikie namba zake zote kama zilivyo, pamoja na mwaka wa gari na ukubwa wa injini, nitakuambia rimu ipi ya kwenda kuulizia.